Nguo ya KI

Mimi na mume wangu tuligombana siku ile ile tuliyokutana, na tuligombea neno. Neno lenyewe ni ngeli. Yeye anafundisha Kiswahili, mimi nafundisha Biolojia, na siku hiyo kila mmoja wetu alikuwa amepanga kufundisha ngeli katika darasa moja, yeye akitoka, mimi nikiingia. Nilikuta ubao umejaa A-WA, KI-VI, U-I na LI-YA kutoka kona hadi kona. Nikachukua dasta nikafuta vyote kabla mwenyewe hajafika mlangoni.

Akageuka. Alikuwa na chaki nyuma ya sikio, na masikio yenyewe yalikuwa yamesimama kama vishikio vya kikombe.

"Mwalimu, umenifutia ngeli zangu."

"Hizo si ngeli," nikamwambia. "Ngeli ni mamalia, ndege, reptilia. Hivyo vyako ni viambishi tu."

"Neno ni letu. Mlikuja kuliazima kwetu, na mpaka leo hamjalirudisha."

Darasa likavunjika mbavu. Tangu siku hiyo wanafunzi wakamwita Bwana Ngeli, nami wakaniita Madam Konokono, kwa sababu ya konokono niliowafuga kwenye chupa kule maabara. Hayo ya majina nayasema mapema kwa sababu majina ya kweli hayana kazi hapa.

Ugomvi tukauhamishia chumba cha walimu, saa za chai. Walimu wengine walikuwa wanavuta viti kutusikiliza.

"Mfumo wangu hauhitaji darubini," alikuwa anasema, akinyoosha kidole kama mtu anayeuza kitu. "Mtoto ambaye hata meno hayajatimia anajua kwamba samaki anaogelea na kisu kinakata. Nani kamfundisha? Lugha yenyewe imeshampangia: wenye uhai huku, visivyo na uhai kule. Wewe hata mende humpangi mpaka umpasue."

"Na mti?" nikamjibu. "Mti unakunywa, unapumua, unakua, unazaa. Mmeuweka ngeli moja na mkate na msumari. Huoni haya?"

"Mti haujawahi kulalamika."

"Hauna mtu wa kumlalamikia."

"Basi tuje kwenu. Uyoga mlisema ni mmea. Watu wakaandika, wakakariri, wakafanyia mtihani, wakafaulu. Leo mnasema uyoga una himaya yake peke yake. Mnahamisha viumbe kama mwenye nyumba anavyohamisha wapangaji, hata notisi hamtoi!"

"Tunahamisha kwa sababu tunajifunza. Nyangumi ana mwili wa samaki na mkia wa samaki, lakini ananyonyesha. Tukamtoa kwa samaki tukamrudisha kwa ndugu zake, kina ng'ombe na popo. Mfumo wangu unatafuta undugu. Wako unatazama nguo tu."

Hapo akaweka kikombe chini.

"Nguo? Haya, tutazame nguo. Kiziwi. Kipofu. Kijana. Kiongozi. Wote wamevaa nguo ya KI, kama kiti na kijiko. Lakini nani anasema kijana kimefika? Tunasema kijana amefika. Lugha inajua nani yumo ndani ya nguo, Mwalimu. Haidanganyiki."

 Niseme ukweli, nilimpenda pale pale, chai ikinipoa mkononi.

Nikaolewa na mtu anayesahihisha watu. Alimsahihisha kondakta. Alimsahihisha muuza duka mpaka akafuta bango lake na kuliandika upya. Kwenye arusi yetu alimsahihisha mjomba wangu katikati ya hotuba, na mjomba hakututembelea mpaka hasira zilipoisha. Nilikuwa namwambia, "Bwana wee, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wewe hata kidole cha mwenzio hukisamehe." Naye alikuwa anacheka na kusema kwamba mtu akikosea ngeli amekidharau kile anachokitaja, hata kama hakukusudia. Maneno hayo niliyaweka moyoni. Ningejua yatakuja kunichoma, nisingeyaweka.

Tulikaa muda mrefu bila mtoto. Watu walianza kututazama kwa ile huruma inayotazama tumbo kwanza na uso baadaye. Kisha siku moja nikamwambia, jikoni, nikikatakata vitunguu ili machozi yapate kisingizio. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Halafu Bwana Ngeli akaanza kazi yake.

"Mimba ni I-ZI," akasema. "Kwa hiyo sasa hivi tuko I-ZI. Mimba imeingia. Inakua. Tusikimbilie mbele."

Baada ya miezi michache, tulipotoka kumwona daktari, akatangaza kwamba tumepanda cheo, tumefika KI-VI. Kitoto kinakua. Kitoto kinasikia. Jioni alikuwa anakiinamia kitoto tumboni na kukisomea mashairi yake ya mtihani, nami nilikuwa namwambia amwonee huruma mtu asiyeweza kuondoka.

"Bado si mtu," akasema. "Bado tuko KI."

"Na masikio?" nikamwuliza. "Kitoto kimeshapata masikio. Namwomba Mungu yasiwe ya ukoo wenu."

Masikio yale ameyatoa kwa mama yake. Mama mkwe wangu ni fundi wa cherehani mstaafu, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, na kila akifunga kitambaa kichwani masikio yanakisukuma kando. Alishawahi kuniambia kwamba ukoo wao hauhitaji picha za kumbukumbu.

Kisha ikafika siku ya teke. Teke lenyewe lilikuja asubuhi, mume wangu akiwa ameweka mkono wake pale pale. Aliuondoa haraka kama aliyegusa sufuria la moto. Saa ya chai, mbele ya walimu wote, akasimama juu ya kiti.

"Ndugu zangu, amehama ngeli! Leo amepiga teke. Kuanzia sasa ni A-WA!"

Walimu wakapiga makofi. Mkuu wa shule, aliyekuwa anaingia na mafaili, akauliza kwa wasiwasi, "Nani amehama? Wa kidato gani?" Tulicheka mpaka nikashika ubavu. Tangu siku hiyo mume wangu hakurudi nyuma. Ni amelala, ameamka, amekasirika, anataka maji ya ndimu. Mimi ndiye niliyekunywa hayo maji, lakini aliyeyataka alikuwa yeye.

Chupa ya uzazi ilipasuka mapema mno, mchana, nikiwa kazini. Njia ya kwenda hospitali siikumbuki vizuri. Nakumbuka taa ndefu za darini na pazia la kijani lenye tundu karibu na pindo. Nakumbuka niliambiwa nisukume, nikasukuma, halafu nikangoja sauti. Mtu yeyote aliyewahi kuingoja sauti hiyo ataelewa. Sauti haikuja.

Hospitali ina mstari wake. Aliyevuka miezi fulani tumboni, akija bila uhai, huitwa mtoto, na wazazi hupewa kibali cha kuzika. Ambaye hajavuka huitwa kijusi, na hana kibali cha kitu chochote. Sisi tulikuwa tumeukaribia mstari, lakini tulikuwa bado upande wa huku. Siwalaumu kwa kuwa na mstari. Mimi mwenyewe kazi yangu ni mistari. Najua lazima uchorwe mahali fulani, na najua kwamba popote utakapouchora kutakuwa na aliyesimama hatua moja kabla yake.

Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya huruma na viatu vilivyochoka. Akamwambia daktari, polepole ili nisisikie, "Kijusi kimetoka chote."

Nikageuza shingo nikamtazama mume wangu. Nikajisemea, ngoja, sasa atamsahihisha. Kondakta alimsahihisha. Mjomba alimsahihisha. Ataufungua mdomo sasa hivi na kusema, Dada, samahani, hiyo ni nguo tu, aliyemo ndani ni A-WA.

Hakusema kitu.

Muuguzi akamgeukia. "Mtakichukua wenyewe, au tukishughulikie sisi?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikageukia ukuta. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, na kulikuwa na mchirizi mmoja mahali brashi ilipoachia. Nikautazama mchirizi ule kwa nguvu zangu zote.

"Kishughulikieni ninyi," akasema.

Akaitwa nyuma ya pazia kutia sahihi. Akakawia huko mpaka nikaanza kumchukia kwa kukawia. Nikawaza, sahihi gani hii ya kuchukua muda wote huu, au kalamu imegoma? Alipotoka alipitiliza moja kwa moja hadi kwenye korido, nikamsikia anaongea na mama yake kwa simu. Alisema maneno mawili tu.

"Imetoka, Mama."

I-ZI. Alituteremsha madaraja yote kwa mkupuo mmoja. Kutoka A-WA tuliyoshangilia juu ya kiti, tukapita KI bila kusimama, tukarudi mwanzo, kama vile hakuna aliyewahi kupiga teke. Nilikuwa nimelala kitandani, na kilichoniuma kuliko vyote kilikuwa kiambishi.

Tukarudi nyumbani. Beseni la plastiki na nguo ndogo alishavifunga kwenye mfuko na kuviweka juu ya kabati kabla sijaingia chumbani. "Vile vitu nimevitoa," akasema. Sikumwuliza vitu gani.

Majirani walikuja. Walisema pole kwa yaliyotokea, na walisema Mungu atawapa mwingine. Hilo la mwingine walilisema wote, hata wale wasiojua kusoma, na sijui kama walijisikia wanachosema. Mwingine ni A-WA. Mtu hapati mwingine kama hakuwa na wa kwanza. Ulimi wao ulikuwa unamtambua mtoto wangu bila wao kuuamuru, na mume wangu, mwenye ngeli zake, alikuwa anawapokea kwa mikono miwili na kujibu, "Ahsanteni, ni mipango ya Mungu, mimba nyingi huharibika."

Nilitaka aseme mara moja tu. Sikutaka alie, sikutaka anishike mkono. Nilitaka aseme "alikuwa". Nikamngoja wakati wa kula, nikamngoja wakati wa kufunga milango. Mtu hawezi kuombwa neno kama hilo. Ukiliomba linakuwa lako, si lake. Kwa hiyo sikuomba, na kila siku iliyopita bila neno ilinitoa kidogo katika ndoa yangu. Nilianza kuhesabu nguo zangu kabatini kwa macho na kuwaza zingeingia sanduku gani.

Jambo jingine nililigundua polepole: alikuwa ameacha kusahihisha watu. Muuza duka alituambia "viatu yako imefika", na mume wangu akasema ahsante.

Nikarudi kazini. Mada iliyokuwa inaningoja ilikuwa ni ile ile ya kila mwaka, uainishaji wa viumbe hai. Nikasimama mbele ya darasa nikaanza. Nikawaambia kuna mfumo bandia, unaopanga viumbe kwa kile kinachoonekana: wenye mabawa pamoja, wenye miguu minne pamoja. Uzuri wake ni wepesi. Mtu yeyote anauweza, haubadilikibadiliki, hauhitaji vifaa. Ubaya wake, unamweka popo na njiwa chumba kimoja na kuwatenganisha ndugu wa damu. Halafu kuna mfumo asilia, unaopanga kwa undugu. Huo unasema kweli zaidi. Lakini ni mgumu, unadai ujue mengi usiyoweza kuyaona, na kila ukijua zaidi unalazimika kubomoa na kujenga upya.

Msichana mmoja wa kiti cha mbele, anayependa kuuliza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, virusi vinakaa himaya gani?"

"Havina himaya," nikasema. "Vikiwa ndani ya seli ya kiumbe kingine vinaonyesha dalili za uhai. Vikiwa nje havina dalili yoyote. Ndiyo maana wataalamu wanabishana."

Akafikiri. Alikuwa anafikiri kwa nia njema kabisa.

"Kwa hiyo Mwalimu, kinachoishi ndani ya mwingine tu, kikitoka hakina uhai, hicho si kiumbe?"

 Nilijua jibu la kitabu. Nilijua pia kwamba swali halihusu mtoto wangu, wala mtoto wangu hakuwa kirusi. Lakini mdomo ulikataa. Nikaweka chaki mezani, nikatoka, nikaingia chumba cha maabara na kujifungia na konokono wangu.

Nadhani yule msichana ndiye aliyemwita. Mume wangu alinikuta nimesimama mbele ya rafu ya vielelezo. Rafu hiyo nimeipanga mwenyewe: samaki, vyura, mijusi, ndege, mamalia, kila kimoja kwenye chupa ya dawa. Kwenye mamalia kuna chupa moja niliyopewa na wachinjaji wa machinjioni, ndani yake mna mbuzi mdogo aliyejikunja, hajawahi kuzaliwa, kwato zake laini kama kucha zilizolowa.

"Soma hapo," nikamwambia.

Akasoma karatasi niliyoibandika kwenye chupa. "Mbuzi."

"Nimeandika kijusi?"

"Hujaandika."

"Kwenye mfumo wangu hatumwulizi kama alizaliwa. Hatuulizi alifikisha miezi mingapi. Tunauliza ni wa nani. Mama yake alikuwa mbuzi, basi huyu ni mbuzi, anakaa na mbuzi wenzake na hakuna daktari wa kumtoa." Sauti ilikuwa inanipanda, nikaiacha ipande. "Hata mbuzi, Bwana Ngeli! Hata mbuzi ana pa kukaa!"

Masikio yake yalikuwa mekundu. Aliiangalia chupa, kisha akainyoosha ikae sawa na zenzake, kama mtu aliyekuja kufanya kazi hiyo tu. Akatoka. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Leo nafunga sanduku.

Nilipofika nyumbani nilikuta viatu vya mama mkwe wangu mlangoni.

Alikuwa amesafiri kwa basi tangu alfajiri. Hakuja siku zile kwa sababu dada yake alikuwa mahututi na hakuwa na wa kumwachia. Sasa dada amepata nafuu, na yeye amekuja. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, kitambaa cha kichwa kimesukumwa kando na masikio, mikono mapajani. Akanivuta akanikumbatia bila kusema pole. Nikamshukuru kwa hilo.

Mume wangu akaingia nyuma yangu. Akamsalimia mama yake, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji. Mama hakuipokea.

"Sikuja kunywa maji," akasema. "Nipelekeni kwa mjukuu wangu. Magoti leo yananikubalia, tusingoje yabadili mawazo. Mmemlaza wapi?"

 Mume wangu alikuwa bado ameshika ile glasi.

"Mama, nilikwambia kwenye simu. Mimba ilitoka..."

"Nilisikia. Mimi nimezaa watano nikazika wawili, mimba naijua. Mimba imetoka, sawa. Mimi nauliza mtoto." Akainua uso. "Mtoto yuko wapi, Baba?"

Nilikuwa nimesimama na mkoba wangu begani. Nikamtazama mume wangu mdomo. Aliufungua, akaufunga. Nikaona anavyotafuta, anavyoipitia I, anavyoipitia KI, na kila moja inamkatalia mbele ya mama yake. Akaweka glasi mezani. Maji yakamwagika kidogo.

"Nilimwacha, Mama."

Nilikuwa nimeingoja ile *m* siku zote zile. Nilidhani ikija itanipoza. Kumbe ilinichana. Maana *nilikiacha* ni neno la kawaida. Mtu huacha kikombe, huacha kiatu, akaenda zake akalala. Lakini *nilimwacha* ni mtu aliyeachwa. Na yeye, anayezijua ngeli kuliko sisi wote, alishajua tangu pale penye pazia la kijani sentensi ile itakuwaje siku atakapoisema sawasawa. Ndiyo maana aliikimbia. Mimi nilidhani amemvisha mtoto wangu KI kwa kumdharau, kumbe nguo ile alikuwa amejifunika mwenyewe.

"Nilimwacha peke yake," akasema tena.  "Waliniuliza. Nikawaambia wamshughulikie. Sijui walimpeleka wapi, Mama. Sikuuliza. Nilimwacha na watu nisiowajua."

Mkoba ukaniteleza begani. Nikakumbuka ukuta wa rangi ya maziwa, na mchirizi wa brashi, na jinsi alivyonitazama kwanza kabla ya kujibu. Nikavuka chumba.

"Umekosea," nikamwambia.

Akainua macho. Hajazoea kusahihishwa.

"Ngeli umepatia. Umekosea nafsi, Mwalimu. Si *nilimwacha*." Nikameza mate. "*Tulimwacha*."

 Kisha akairudia, taratibu, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Tulimwacha."

Tulilia pale, tumesimama, paji la uso kwa paji la uso, kilio kibaya kisicho na adabu. Mama mkwe wangu hakutunyamazisha. Alituacha mpaka pumzi zikatupungukia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Nikashtuka. Sikuwa najua. Nilikuwa nimeugeukia ukuta, na baada ya hapo hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza. A-WA haikwambii hilo. Inakwambia ni mtu, basi. Muda wote ule nilikuwa nadai silabi moja, na sikujua hata namdai nani.

"Wa kike," mume wangu akasema.

Nikageuka nikamtazama.

"Pale nyuma ya pazia," akaniambia. "Muuguzi aliniacha naye. Nilimfunua." Akafuta uso kwa kiganja. "Alikuwa na masikio yako, Mama. Yote mawili. Yamesimama hivi."

Mama mkwe wangu akapeleka mkono kwenye sikio lake, akalishika, akabaki amelishika. Mimi nikakaa sakafuni, karibu na maji yaliyomwagika. Binti. Nilikuwa na binti, mwenye masikio ya bibi yake, na baba yake alikuwa amemficha kinywani siku zote hizi kwa sababu hakuwa na ngeli ya kumtolea.

"Na nywele?" nikamwuliza.

"Alikuwa nazo," akasema. "Kidogo. Laini."